Kifungu Kilichopita kwa Makofi

Mliomwacha Mama Tanuri wiki iliyopita akiwa amesimama mbele ya maiki mdomo wazi, njooni karibu, maana mdomo wenyewe bado hajaufunga.

Na angeufungaje? Mwanamke, mjumbe wa wafyatuaji matofali, kapanda jukwaani kukipinga kifungu cha ardhi. Kakipinga mpaka kanga imelowa jasho mgongoni. Kawaambia wajumbe wote wa Ukumbi wa Katiba, bila kupepesa macho, kwamba kile si kifungu, ni wizi wa mchana. Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi, wengine wakipiga meza. Na makofi yakiwa bado hayajatulia, Mwenyekiti akagonga nyundo yake, ko!

"Makofi yamesikika," akasema. "Kifungu cha ardhi kimepita."

Kwa mliochelewa kujiunga nasi, sikilizeni. Siku ya kwanza ya mkutano huu wajumbe waliambiwa kwamba kura zinagawa watu. Nchi imetoka kwenye magomvi, wakaambiwa, tusianze tena kuhesabiana vichwa. Kifungu kitasomwa, kitazungumzwa, na kikipigiwa makofi basi kimepita. Wajumbe wakaona utaratibu mzuri, wa kindugu. Wakaupigia makofi, jamani, kwa mikono yao wenyewe!

Nani angedhani itafika siku mtu apigiwe makofi kwa kukataa, halafu makofi yale yale yahesabiwe ya kukubali? Hakuna aliyedhani, ila yule aliyeutunga utaratibu. Huyo alijua tangu mwanzo.

"Mwenyekiti!" Mama Tanuri alipayuka. "Walikuwa wananipigia mimi!"

"Mimi nimesikia makofi, mama."

"Nilikuwa napinga! Watu wamenishangilia kwa kupinga!"

"Kazi yangu ni kusikia makofi. Yaliyomo moyoni mwa mpiga makofi ni yake na Mungu wake."

"Wewe mzee huna haya?"

Maiki ikazimwa. Loo, hapo walikosea. Huyu ni mwanamke aliyekulia kwenye matofali, mtu wa kusimama juu ya tanuri upande mmoja wa bonde na kumwita mfyatuaji aliye upande wa pili, na akaitika. Maiki ya nini?

"Ndugu zangu!" sauti ilivuma mpaka kwenye roshani ya wananchi. "Mmesikia wanachotufanyia? Someni tena hicho kifungu! Kinasema mwenye hati mkononi siku katiba hii itakapoanza ndiye mwenye ardhi, na hakuna mahakama itakayoruhusiwa kuuliza hati hiyo aliipataje. Hata kama aliiba! Hata kama aliandikiwa na shemeji yake serikalini! Hakuna kuuliza, milele na milele!"

Na ukweli ni huo, msomaji wangu. Bonde la matofali yaliyojenga nusu ya nyumba za mji ule lilikuwa na hati, na hati ilikuwa kwenye kasha la chuma la kiwanda cha saruji. Ilitolewa enzi za serikali iliyopita na ofisa ambaye hajawahi kukanyaga udongo wa bonde hata kwa bahati mbaya. Wafyatuaji walikuwa wanasubiri katiba mpya ili waende mahakamani kuipinga hati hiyo. Kifungu kikipita, hawana pa kwenda. Mashamba ya mpunga ya juu ya mto yako hivyo hivyo. Soko kuu liko hivyo hivyo. Nchi nzima iko kwenye makasha ya watu wachache, na sasa watu hao walitaka kufuli.

Aliyemwokoa Mama Tanuri asitolewe nje na askari wa ukumbi alikuwa Mkunga, mwakilishi wa wauguzi, mwanamke mfupi mwenye mdomo usio na breki. Alisimama akikipeperusha kijitabu cha kanuni.

"Mwenyekiti, kanuni inasema kifungu kinaweza kufunguliwa kabla sura yake haijafungwa. Robo ya wajumbe wakisimama, kinafunguliwa. Au ukurasa huo kwenye kitabu chako umeliwa na mende?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Kanuni ipo," alikubali. "Sura ya ardhi nitaifunga tukirudi kutoka kula. Mama Tanuri, ukipata robo ya ukumbi isimame na wewe, nitafungua. Usipoipata, utakaa chini na kuwaachia wenzako wajenge nchi."

Nyundo tena, ko! Wajumbe wakaenda kula.

*

Chakula cha wajumbe kilikuwa kinaletwa kila siku na Chama cha Wenye Viwanda. Bure. Zawadi kwa taifa, walisema. Mkunga alikuwa na kawaida ya kuja na chakula chake kwenye bakuli, na akiulizwa sababu anajibu kwamba tumbo lake halipendi deni.

"Wewe chukua walimu na wafanyabiashara," alimwambia Mama Tanuri mlangoni. "Mimi na Bwana Mpunga tutakusanya wakulima, wachuuzi na mafundi cherehani. Halafu kuna benchi la wafanyakazi. Hilo ni la shemeji yako. Tukilipata hilo, robo tunayo."

"Shemeji nitamweza."

"Usimhesabu bado. Mtu wa vikao yule."

Mama Tanuri akaanza na Mwalimu Mkuu, mwakilishi wa walimu, aliyekuwa kwenye foleni na sahani mkononi.

"Mama! Hotuba yako imenitoa machozi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Yafute basi, usimame na mimi tukirudi."

Mwalimu Mkuu akaangalia sahani yake. "Sasa hapo, mama yangu, kuna ugumu kidogo. Sura inayofuata ina kifungu chetu. Mishahara ya walimu itangulie kulipwa kabla ya matumizi mengine yote ya serikali. Unajua tumekililia kifungu hicho kwa muda gani? Wenye viwanda wamekubali kutokipinga. Nikisimama na wewe, wanakivunja."

"Wamekuambia hivyo?"

"Hawajaniambia. Lakini mtu mzima haambiwi."

"Watu wa bonde wakifukuzwa, zile shule mbili za kule utamfundisha nani? Kuta?"

"Mama, usinichukulie vibaya. Sikula rushwa ya mtu."

"Afadhali ungekula! Ningejua jina la ugonjwa wako."

Akamwacha pale na sahani yake. Akamfuata Bosi wa Maduka, mwakilishi wa wafanyabiashara, aliyekuwa tayari amekaa na anatafuna. Huyu hata hakujisumbua kuona haya.

"Mimi watu wangu wamenituma kitu kimoja tu," alisema. "Bidhaa za nje zisiongezewe ushuru bila ridhaa yetu. Nimekipata. Kimeandikwa. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, mama. Vuta na wewe kwako."

"Soko kuu lote liko kwenye hati ya mtu! Watu wako watauzia wapi?"

"Wenye vibanda si watu wangu. Watu wangu wana maduka."

Akarudi kwenye nyama yake.

Nisikilizeni, nina hasira na lazima niseme. Watu hupenda kusikia kwamba katiba iliharibiwa kwa bahasha zilizopita chini ya meza. Lau ingekuwa hivyo! Tungewakamata wenye bahasha, tukawafunga, mambo yakaisha. Hapa hakuna aliyepewa bahasha. Kila mtu alipewa kifungu chake kizuri, cha haki kabisa, cha kuwapelekea watu wake nyumbani wamshangilie. Na kila aliyeshika chake aligeuka mlinzi wa kifungu cha wizi bila kuajiriwa. Ndivyo walivyoyapanga, laanakum, na yakapangika.

*

Shemeji alikuwa nje kwenye bomba la maji, ananawa, sahani yake kando. Alikuwa mdogo wa mume wa Mama Tanuri, mwakilishi wa wafanyakazi wa viwandani, na kiwanda alichofanyia kazi maisha yake yote kilikuwa hicho hicho cha saruji. Kichwani hakuwa na unywele hata mmoja.

"Najua unachotaka, shemeji," alianza kabla hajasalimiwa.

"Basi nipe."

"Utasimama wewe, Mkunga, Mpunga na wale mafundi. Mimi nikisimama na benchi langu, robo inatimia. Nimeshapiga hesabu hizo."

"Sasa unangoja nini?"

Alifunga bomba. "Kwenye katiba hii kuna mstari unaosema mfanyakazi akiumia kazini hafukuzwi. Analipwa mpaka apone, na asipopona analipwa mpaka afe. Unawajua wangapi waliotolewa getini na mkono umebaki kwenye mashine? Vijana wangu wanakohoa vumbi jeupe, shemeji. Mimi mwenyewe nakohoa. Huo mstari nimeupigania kwa jino na ukucha."

"Na ukisimama na mimi watauondoa."

"Wataufuta kabla sijakaa."

Mambo hayo Mama Tanuri alikuwa anayajua. Mwaka jana yeye mwenyewe alimkandia Shemeji kifua kwa maji ya moto, alipolala kwao wiki nzima akihema kwa shida.

"Mama yako anakaa bondeni," alisema mwishowe. "Nyumba uliyozaliwa iko bondeni. Mkipata huo mstari wenu, siku ya kustaafu utarudi wapi?"

"Usinitajie mama, tafadhali."

"Nisipomtaja mimi nani atamtaja? Hao waliokuwekea hiyo sahani?"

Shemeji akajifuta mikono kwenye suruali. "Nitaangalia," alisema.

"Utaangalia nini?"

"Nimesema nitaangalia, shemeji! Niache!"

Na akaondoka haraka, mabega juu, kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

*

Mama Tanuri hakufika mlangoni. Aliguswa bega taratibu. Alipogeuka akamwona Wakili Laini, mwanasheria wa kiwanda cha saruji, ambaye pia, tazameni maajabu, ndiye aliyekuwa mshauri wa kamati ya uandishi wa katiba. Walimpa jina hilo kwa sababu hajawahi kusikika akipandisha sauti. Hata akikuua atakuomba radhi kwanza.

"Mama yangu, dakika mbili. Hapa chumbani kuna chai."

"Chai yako sitaki."

"Basi kaa bila chai."

Kilikuwa chumba kidogo cha mashine za kuchapia, kimejaa joto na harufu ya wino. Wakili Laini alifunga mlango, akachukua karatasi moja juu ya mashine, akamkabidhi.

"Soma tu, mama. Hakuna atakayekulazimisha."

Kilikuwa kifungu cha ardhi, vile vile, ila mwishoni kulikuwa na mstari mpya. Ulisema kwamba kifungu hicho hakitahusu bonde la matofali, na kwamba bonde hilo ni mali ya wanaolifanyia kazi, wao na vizazi vyao.

Alisoma. Akarudia kusoma.

Msimcheke, wasomaji wangu. Alisita. Kila kilichomleta mjini kilikuwa kwenye mstari ule. Aliliona tanuri lao lililopangwa tayari, matofali mabichi mpaka juu, mumewe anangoja kuni. Alimwona mama mkwe wake kwenye kibaraza ambacho Mama Tanuri mwenyewe alikifyatulia matofali alipokuja kuolewa.

"Kiwanda kinaachia bonde?" aliuliza.

"Udongo upo kwingine. Kiwanda kinataka amani, mama yangu. Wewe kaa tu chini tukirudi ndani."

"Na mashamba ya mpunga?"

"Wana mwakilishi wao."

"Mwakilishi wao yuko nje saa hizi anatafuta watu wa kusimama na mimi."

"Ndiyo maana naongea na wewe, siongei na yeye," alijibu Wakili Laini, kwa upole ule ule.

"Na soko?"

"Mama. Watu wa soko hawakukutuma. Waliokutuma ni watu wa bonde, na zawadi yao hii hapa. Rudi nayo nyumbani ukiwa shujaa."

Mama Tanuri akaiweka karatasi juu ya mashine. Aliiweka kwa nguvu mpaka kifuniko cha mashine kikaruka.

"Mwambie aliyekutuma kwamba nimeisoma," alisema. "Halafu mwambie aikunje vizuri akae nayo."

"Hilo ndilo jibu lako?"

"Wewe husikii, au ulaini umekuingia mpaka masikioni?"

Akatoka na kubamiza mlango. Wakili Laini hakumwita. Aliichukua ile karatasi, akainyoosha kwa kiganja, akaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa Mwenyekiti.

*

Ukumbi ulijaa. Roshani ya wananchi ilifurika mpaka watu wakakalia ngazi. Redio ya taifa ilikuwa hewani, mtangazaji ananong'ona kwenye kibanda chake cha kioo.

"Nafunga sura ya ardhi," alitangaza Mwenyekiti. "Kuna anayeomba kifungu kifunguliwe?"

Mama Tanuri akasimama. Mkunga akasimama naye. Bwana Mpunga, mwakilishi wa wakulima, mrefu na mweusi tititi, alisimama pamoja na benchi lake lote. Wachuuzi wakasimama. Mafundi cherehani wakasimama, mmoja bado ana futi ya kupimia shingoni.

Macho yote yakageukia benchi la wafanyakazi. Shemeji alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Shemeji," Mama Tanuri aliita kwa sauti ya chini.

Shemeji akaanza kuinuka. Wallahi alianza, waliokaa karibu naye waliona! Mkono ulikuwa tayari kwenye ukingo wa meza, unasukuma.

"Kabla karani hajahesabu," Mwenyekiti aliingilia, "ni haki wajumbe wajue wanasimamia nini. Nitasoma kifungu kama kilivyo sasa, pamoja na marekebisho yaliyoingizwa wakati wa chakula na mjumbe wa wafyatuaji matofali, Mama Tanuri."

"Marekebisho gani?" Mkunga aliuliza.

Mwenyekiti akasoma. Akaufikia ule mstari wa mwisho, bonde la matofali peke yake, wao na vizazi vyao, na akausoma polepole kuliko yote.

Bwana Mpunga aligeuka kumtazama Mama Tanuri. "Kumbe," alisema. "Kumbe sisi tunahangaika jua kali kukusanya watu, wewe uko ndani unajikatia kipande chako."

"Uongo! Sikuandika mimi!"

"Jina ni la nani hapo?"

"Mpunga, ndugu yangu, nisikilize..."

"Mimi si ndugu yako!"

Akakaa kwa kishindo. Benchi lake likakaa. Wachuuzi wakakaa wakisonya. Mafundi wakatazamana, nao wakakaa. Shemeji, aliyekuwa nusu juu nusu chini, akarudi kitini na kushika kichwa.

Akabaki Mkunga peke yake kando ya Mama Tanuri.

"Wewe hukai?" Mwenyekiti alimuuliza.

"Nangoja nimsikie mwenyewe. Ninyi mna haraka ya kumzika mtu ambaye hajakata roho."

Mwenyekiti akamgeukia Mama Tanuri, na wakati huu, oneni ujanja, maiki yake iliwashwa bila kuombwa.

"Mama, karatasi hii uliiona au hukuiona?"

"Niliiona. Nilipewa na wakili wa kiwanda chumbani, nikaikataa!"

"Kwa hiyo uliisoma."

"Niliisoma nikaikataa!"

"Kamati ya uandishi imeelewa vingine. Lakini sisi si watu wabaya. Kama hulitaki pendekezo hili, kanuni inakuruhusu kuliondoa. Ila ujue, ukiliondoa, bonde linarudi kwenye hati kama ardhi nyingine yoyote. Ni wewe utakayekuwa umelirudisha, kwa kinywa chako." Akatabasamu kuelekea kibanda cha kioo. "Na watu wako wanakusikiliza."

Mmeuona mtego? Akinyamaza, watu wake wamepona na wenzake wameangamia, na yeye ni msaliti mbele ya nchi nzima. Akikataa, amelitupa bonde kwa mkono wake mwenyewe na mumewe anasikiliza redio. Walikaa chumbani na chai yao, watu wazima, wasomi, wakatumia akili zao zote kumtengenezea mama mmoja wa matofali kitanzi hiki.

Mama Tanuri alishika meza kwa mikono miwili.

"Mwenyekiti," alisema. "Ondoa."

"Sema vizuri, mama, redio isikie."

"Liondoe bonde langu humo!" Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Mimi sikutumwa nikaombe kipande nipewe na mwizi! Leo ataniandikia bonde kwa sababu nina kelele, kesho akipata katiba yake atalifuta mimi nikiwa sina hata mmoja wa kusimama naye, kwa sababu wote niliwaacha waibiwe nikiangalia. Waandikie watu wa mpunga. Waandikie wa soko. Iandike kwamba hati ya wizi ni wizi hata ipite miaka mia, halafu bonde utalikuta humo humo. Hutaki? Basi usituandikie. Tuache tulivyo, tupigane na ninyi tukijua ninyi ni nani!"

Akakaa, akajifunika uso kwa upande wa kanga, akalia. Alilia kwa hasira na kwa woga, vyote pamoja.

Hakuna aliyepiga makofi. Nani angethubutu, kwenye ukumbi ule?

Kisha kiti kikasogea. Bwana Mpunga alikuwa amesimama. "Dada," alisema. Benchi lake likasimama nyuma yake. Wachuuzi. Mafundi wote. Karani akaanza kupita na kalamu yake, akahesabu, akarudia, akamnong'oneza Mwenyekiti.

"Haijatimia," alisema Mwenyekiti. "Limebaki benchi moja."

Shemeji akanyanyua mkono bila kunyanyuka mwenyewe.

"Benchi la wafanyakazi linaomba kushauriana," alisema. Hata sauti yake ilikuwa inaangalia chini. "Kanuni inaturuhusu. Tutajibu kesho asubuhi."

Wananchi wakazomea mpaka vioo vikatikisika. Mwenyekiti hakuona tatizo. Alimtupia jicho Wakili Laini, na Wakili Laini akaitikia kwa kichwa. Kutoka sasa mpaka asubuhi mtu mlaini anaweza kuongea na benchi zima, mmoja mmoja.

"Waliosimama watahesabiwa tena kesho pamoja na benchi la wafanyakazi," alisema Mwenyekiti, akagonga nyundo.

*

Bondeni redio ilikuwa imening'inizwa kwenye mti wa ngazi ya tanuri, na kazi zote zilikuwa zimesimama. Uliposomwa ule mstari wa bonde, watu waliruka. Waliokuwa wanafyatua walitupa kalibu za matofali chini, wakakumbatiana na udongo wao mikononi. Mume wa Mama Tanuri alipigwa mgongoni mpaka akakohoa.

Halafu wakaisikia sauti ya Mama Tanuri. Liondoe bonde langu humo.

Wa kwanza kupata ulimi alikuwa Msumari, mchomaji matofali, mtu wa hasira za karibu. "Katuuza!" alipiga yowe. "Tumempeleka atuletee bonde, kapewa, kalitupa! Wewe bwana, mkeo ana wazimu?"

Mume alikuwa amekaa juu ya rundo la matofali mabichi, mikono kwenye magoti, na matofali yalikuwa yanabonyea chini yake bila yeye kujua.

"Jibu! Watoto wangu watalala wapi?"

"Wanyamazishe hao," alisema mama mkwe, "nasikiliza."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya redio, sikio moja limeegemea spika kwa sababu la pili halisikii tena. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimsikia mtangazaji akitaja waliosimama, benchi baada ya benchi, na akamsikia akitaja benchi moja lililobaki limekaa, na jina la aliyelisemea.

Akaizima redio mwenyewe. Akashika fimbo yake, akainuka kwa shida, na mwanawe alipokuja kumsaidia akamsukuma.

"Lile lori la kuni linaondoka saa ngapi kwenda mjini?"

"Sasa hivi, mama. Lakini wewe unaenda wapi na miguu hiyo?"

"Ukumbini."

Msumari akapasua kicheko kibaya. "Safi kabisa! Nenda, bibi! Kamtie adabu huyo mkwe wako mbele ya nchi nzima!"

Bibi kizee alimtazama Msumari toka unyayo mpaka utosi.

"Mkwe wangu amesimama," alisema. "Namfuata niliyemzaa mwenyewe, aliyekaa."